Mistari Ambayo Mashine Huiruka

Free Area, Nakuru
9 Februari 2025

Jelagat,

Barua yako ameniletea Zeddy wa lori, pamoja na nusu gunia la viazi ambalo sijui kama limetoka kwako au kwa huruma yake. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nakubaliana nawe kwa mambo yote mawili.

La kwanza, tusipigiane simu. Ni kweli, sauti zetu zimezoea kugombana, zinaanza kabla sisi wenyewe hatujaamua. Kwenye karatasi angalau mtu hamkatizi mwenzake.

La pili ni kompyuta yako. Ningeipakia kwenye lori la Zeddy leo hii, lakini ile barabara ya kupanda huko itaimaliza. Na ukisema mwenyewe kwamba stima ya shule inalemewa na birika la walimu, hiyo mashine itaishi siku ngapi?

Nina wazo lingine. Iache hapa, mezani pako karibu na dirisha, nami nikujengee mlango. Utafungua intaneti ya shule kwenye laptopu yako ile nzee, utaandika anwani na pasiwadi nitakazokupa, na meza yako ya Free Area itatokea mbele yako: ramani, picha za setilaiti, ile programu nzito, kila kitu pale ulipokiacha. Kazi itafanywa na mashine ya huku. Wewe huko utakuwa unaona na kuelekeza.

Mlango wenyewe utakaa ndani ya kisanduku kisichozidi kitabu cha nyimbo. Humo nitapanga kontena tatu. Usifikirie zile za bandarini. Fikiria vyumba vitatu vidogo, kila kimoja kina vyombo vyake na hakiazimi kwa jirani. Kimoja kinapokea mgeni, cha pili kinakumbuka majina na pasiwadi, cha tatu kinazungumza na kompyuta yako kwa niaba ya mgeni. Kimoja kikiharibika nakitupa na kuweka kingine, na vile viwili havijui hata kilichotokea.

Nipe siku kumi. Hizo ramani za chemchemi zinatakiwa lini hasa? Hukusema.

Waithaka


Olenguruone
12 Februari 2025

Waithaka,

Viazi ni vyangu. Usiviache vichipuke chini ya sinki.

Kamati ya maji inakutana tarehe kumi na tano Aprili. Siku hiyo wataamua chemchemi zipi zizungushiwe ua. Watu wanalima mpaka ukingoni kabisa, na mahali pengine maji yanatoka katikati ya mistari ya viazi kama mtu aliyepotea njia. Mwenyekiti ameniambia wazi: mwalimu, itakayokuwa kwenye ramani yako tutaizungushia, isiyokuwepo hatuna la kufanya. Nimezihesabu thelathini na moja mpaka sasa. Kumi na nane bado ziko kwenye daftari tu.

Kila Jumamosi napanda. Ukungu wa huku si kama wa Nakuru unaopita asubuhi ukaenda zake. Huu unakaa, unakusindikiza. Juzi nilisikia maji dakika nyingi kabla sijayaona. Nilisimama, nikageuka, nikasikia yako nyuma. Nikageuka tena, yako mbele. Mwishowe nikapiga magoti nikapapasa majani mpaka vidole vikalowa. Akina mama wa hapo wanaiita kwa jina linalomaanisha yule anayejificha wageni wakija. Nimeandika jina hilo hilo.

Asante kwa huo mlango. Sikutarajia.

Jelagat


Free Area
18 Februari 2025

Jelagat,

Mlango uko tayari. Anwani na pasiwadi nimeandika kwenye kikaratasi nilichobana hapa. Kariri halafu kichome. Ukiingia mara ya kwanza utaona skrini nyeupe kwa muda. Usibonyeze kitu. Hesabu mpaka ishirini.

Nimefuta vumbi mezani pako. Kikombe chako nimekiacha pale pale, sikujua kama unataka kionekane au la, halafu nikakumbuka kwamba kupitia kwenye mlango huu huwezi kuona chumba, unaona skrini peke yake. Nikakaa nikicheka peke yangu.

Waithaka


Olenguruone
28 Februari 2025

Waithaka,

Niliingia Alhamisi ya wiki jana, saa nne asubuhi, darasa langu likiwa uwanjani na mwalimu wa michezo. Nje ukungu ulikuwa umemeza hata mlingoti wa bendera. Nikaandika anwani, nikaandika pasiwadi, nikahesabu. Nilipofika kumi na tatu nikawa nyumbani.

Sijui nikwambie vipi. Ile picha ya ziwa niliyoiweka mwenyewe. Faili zangu zimetawanyika vile vile ovyo. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya huku na macho yangu yako kwenye joto la huko. Mtu akiota huwa hivyo, yuko mahali pawili na hashangai. Nilichora chemchemi sita bila kuinua kichwa. Kengele ilipolia nilishtuka kukuta nimevaa gambuti.

Halafu Jumatatu mlango haukufunguka. Jumanne pia. Zeddy aliniambia stima ilipotea Free Area yote Jumapili, ikarudi jioni ile ile. Lakini mlango haukurudi mpaka Jumatano jioni, nadhani ulipokumbuka kwenda kuuwasha.

Waithaka, nilikuwa nimejiahidi kwamba barua zangu zitakuwa za ramani tu. Sasa nasema. Nilipoona skrini imekataa siku tatu, nilijiambia, huyu hata mlango ameusahau, kama mimi. Unakumbuka Krismasi, kwa mama yako, kule Kabazi? Nilisimama kando yako na sahani yako mkononi, mbele ya ndugu zako wote, nikakuita kwa jina. Ukageuka upande wa pili ukaenda kujipakulia mwenyewe. Shangazi yako akacheka. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka mzima nilikuwa nikikaa ubavuni mwako kwenye kochi na unashtuka nikisema neno, kana kwamba nimeingia dirishani. Ulinigonga kwa bega kwenye korido kama mtu agongavyo kiti. Mimi sikuomba uhamisho wa kuja huku kwa sababu ya chemchemi. Niliuomba kwa sababu nimechoka kuishi na mtu asiyeniona.

Nimesema. Sasa nitaendelea na ramani.

Jelagat


Free Area
10 Machi 2025

Jelagat,

Nilikuwa nimeketi mezani pako Alhamisi unayoisema. Nilitaka kuhakikisha mlango unafanya kazi. Skrini ilikuwa imetulia kabisa, mara ule mshale mweupe ukaanza kutembea. Ulienda taratibu, ukasimama juu ya ramani, ukazunguka kidogo kama mtu anayetafuta miwani, halafu ukaanza kuchora. Nilijua ni wewe kwa namna unavyorudi nyuma kila mara kuhakikisha umehifadhi. Sikugusa kitu. Nilikaa nikiutazama mpaka ulipoondoka.

Kuhusu Kabazi nimesoma, kila neno. Nitakujibu, ila si leo.

Leo nikueleze nilichofanya kuhusu zile siku tatu. Kosa lilikuwa langu. Mlango ule nilikuwa nimeujenga kwa mkono, hatua arobaini na kitu, na stima ikikatika ilibidi niwepo nirudie nyingi. Kwa wiki mbili nimekuwa nikiandika hatua zote ndani ya faili moja. Sasa kisanduku kikiwaka kinajipanga chenyewe: kinaleta kontena zote tatu, kinaziunganisha, kinatengeneza pasiwadi, kinaamsha kompyuta yako ikiwa imelala, na kila jioni kinaweka nakala ya ramani zako mahali pengine. Stima ikatike mara mia. Nimejaribu kwa kuchomoa waya mara kumi na moja. Kila mara mlango ulirudi wenyewe chini ya dakika sita.

Na kama kisanduku chenyewe kitakufa, kingine kiko kwenye droo ya juu pamoja na flashi nyekundu yenye ile faili. Yeyote anaweza kuchomeka, kuandika amri moja iliyo kwenye kikaratasi cha droo, na kungoja. Si lazima niwe mimi. Huu mlango hautanihitaji tena.

Malizia ramani zako.

Waithaka


Olenguruone
15 Machi 2025

Waithaka,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la Kabazi. Nimepata kisanduku kinachojiwasha.

Mimi nilikulilia kwamba hunioni, nawe ukaenda ukatengeneza kitu ambacho hakihitaji uwe nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi. Huu mlango hautanihitaji tena. Umeuandika mwenyewe, kwa mkono wako, na hata mwandiko umepinda kama wa mtu mwenye haraka ya kuondoka. Kama kuna mahali unaenda, nenda. Kama kuna mtu, niambie jina lake nisije nikaambiwa na watu sokoni.

Nitatumia mlango wako mpaka Aprili kwa sababu chemchemi hazina kosa. Baada ya hapo tutakaa na wazee wa pande zote mbili tuzungumze mambo kama watu wazima. Usiniandikie kabla ya hapo.

Jelagat


Free Area
29 Machi 2025

Dada Jelagat,

Ni mimi Shiko wa saluni, jirani yako. Naandika mbio mbio, Zeddy ananipigia honi hapo nje. Nimekupigia simu mara nne, hupatikani, Zeddy anasema network ya huko imekufa tangu mvua ianze.

Iko hivi. Juzi radi ilipiga transfoma ya hapa kona. Dryer zangu mbili zimeenda. Kwako nikaona moshi kidogo dirishani, na kwa vile Waithaka aliniachia funguo, nikaingia na ndoo ya mchanga. Ni kile kisanduku chako kidogo kimeungua, kimekuwa cheusi ti. Kompyuta yenyewe haina neno, ilikuwa kwenye ile betri yake.

Sasa utauliza Waithaka yuko wapi. Alitoka Jumatano na begi moja. Mimi nimeambiwa nisiseme kitu, na mimi nikiambiwa nisiseme huwa sisemi, wateja wangu wanajua. Lakini dada, alipokuwa akitoka alitafuta komeo la geti kwa mkono kama mtu aliye gizani, na ilikuwa saa tatu asubuhi na jua linawaka. Nikamshika mkono nikamfungulia. Akanishukuru akiangalia pembeni yangu.

Njoo. Hayo mengine sijasema.

Shiko


Ndani ya faili iliyo kwenye flashi nyekundu
18 Machi 2025

# Jelagat, mistari inayoanza na alama hii mashine huiruka. Haiisomi kabisa. Ni ya binadamu. Fundi huiandika ili fundi atakayekuja baadaye ajue kwa nini mambo yalifanywa hivi. Umeniambia nisikuandikie, na nimetii. Hapa namwandikia fundi atakayekuja. Kama ni wewe, basi kisanduku kimekufa na mimi sipo, na ni haki yako kujua.

# Amri zifuatazo zinaleta vile vyumba vitatu. Mtandao ukiwa polepole zitachukua dakika kumi. Usikate.

# Hapa inatengenezwa pasiwadi mpya. Itatokea kwenye skrini mara moja tu. Iandike.

# Sasa Kabazi. Sikukuona. Nasema hivyo kama ilivyo, si kwa mafumbo. Nilisikia jina langu, nikageukia upande usio wako, sikupata mtu. Mwishoni mwa Januari, wewe ukiwa umeshaondoka, niligonga nguzo ya geti la kanisa kwa bega mpaka nikaanguka, na watu wakadhani nimelewa. Nikaenda kupimwa macho. Daktari aliinua kidole upande wa kulia akaniuliza nakiona. Nikamuuliza, kidole gani? Akainua upande wa kushoto. Vivyo hivyo. Mbele naona vizuri, nasoma, naandika, ila kila upande kumeshushwa pazia, na liliteremka polepole hata sikujua kama lipo. Nilidhani dunia imekuwa nyembamba tu, kwamba watu wameanza kutokea ghafla.

# Kuna uvimbe mdogo kama punje ya maharagwe chini ya ubongo, pale mishipa ya macho inapokutana. Si saratani. Lakini unabana. Watauondoa kupitia puani, Eldoret, tarehe mosi Aprili. Wanasema macho yanaweza kurudi, yanaweza kubaki hivi, na kuna uwezekano mdogo yakazima.

# Amri hii inawasha kila kitu upya stima ikirudi. Ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi.

# Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeondoka kwa miguu yako, na nilitaka ukirudi urudi kwa miguu yako. Sikutaka ugonjwa ndio ukuvute. Labda nilikosea. Nilipopata ile barua yako ya Kabazi ndipo nilipojua kwamba nimekosea, lakini nilikuwa nimeshachelewa kuanza vizuri.

# Niliharakisha faili hii kwa sababu sijui nitakuwa naona nini mwezi wa nne, na thelathini na moja zako haziwezi kungoja macho yangu. Hicho ndicho nilichomaanisha niliposema hautanihitaji. Hakuna mtu mwingine. Mwandiko ulipinda kwa sababu siuoni ukingo wa karatasi.

# Huu ni mstari wa mwisho. Ukiona neno TAYARI, funga faili, fungua intaneti, ingia.

# Waithaka


Eldoret
1 Aprili 2025

Waithaka,

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya milango miwili ya kijani. Wamekuingiza saa mbili. Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Nimeambiwa sitakuona leo, labda kesho, kwa hiyo barua hii nitampa sista Jepkemei na ameahidi kukusomea ukiamka. Kwa hiyo sista, naomba unisamehe kwa yatakayofuata.

Nimekasirika. Nataka hilo usomewe kwanza. Ulinichagulia, Waithaka. Ulikaa na jambo kubwa hivyo miezi miwili, ukawa unaniandikia habari za waya. Nimekulaani kwenye ngazi za chemchemi ya tisa, nimekulaani mbele ya ubao darasani, na kumbe ulikuwa unapapasa kuta. Unajua hilo limenifanya nijione nani? Ningekuja. Ningekuja nikiwa na hasira, nikiwa na begi nusu, lakini ningekuja, na ingekuwa ni kwa miguu yangu hiyo hiyo. Miguu ya mtu haiachi kuwa yake kwa sababu ameambiwa ukweli.

Sasa nikueleze jana. Shiko alinifungulia, stima ilikuwa imesharudi. Nilichomeka kisanduku kipya, nikaandika ile amri moja, maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini, mengi, mepesi, kama mvua inayonyesha kwenda juu. Nilipaswa kungoja tu. Lakini nilitaka kujua uliandika nini usiku na mchana wiki mbili badala ya kunijibu, nikaifungua faili. Nilifika kwenye Kabazi, nikasimama. Shiko aliniletea kiti. Nilipomaliza kusoma, TAYARI ilikuwa imeshatokea sijui tangu lini.

Na leo, kwa vile hapa siwezi kufanya lolote la maana, nimefungua laptopu magotini. Hospitali ina intaneti ya wageni. Nimeandika anwani, nimehesabu. Unaelewa? Wewe uko nyuma ya hiyo milango ya kijani, mimi niko kwenye korido, na mshale wangu unatembea peke yake mezani Free Area, hakuna mtu chumbani. Nimechora chemchemi tano za mwisho. Kila nilipomaliza moja nilitazama mlango. Ya thelathini na moja nimeimaliza saa saba na nusu. Saa nane kasoro daktari ametoka na kofia yake ya karatasi. Amesema uvimbe umetoka wote. Kuhusu macho amesema tungoje, yeye hataki kuahidi.

Niko hapa. Kiti changu kitakuwa mbele ya kitanda chako, si kando. Nimemwomba sista akiweke hapo.

Jelagat


Olenguruone
11 Mei 2025

Jelagat,

Sina wa kumpa abebe barua hii. Umetoka kwenda kanisani na mimi umeniamuru nisiguse jembe, kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chako, na kalamu yako mkononi, namwandikia mtu aliye kilomita moja tu kutoka hapa. Nimezoea kukwambia mambo hivi. Nikifungua mdomo bado nakwama.

Jana ulipokuwa kwa kamati nilijipima kama daktari alivyonifundisha. Nilitazama msumari wa ukutani nikaleta mkono taratibu kutoka nyuma ya sikio. Upande wa kushoto umerudi karibu wote. Wa kulia umefika kama nusu, na baada ya hapo kuna kitu si giza, ni kama ukungu wenu huu. Daktari alisema kitakachokuwa hakijarudi kufikia mwezi wa sita huenda kisirudi. Nimeanza kukubali. Nikigeuza kichwa napata kilichobaki.

Zile siku za hospitali sizikumbuki vizuri. Nakumbuka sauti ya sista ikisoma, akifika kwenye neno nimekulaani akakohoa, akaendelea. Nakumbuka nilitaka kucheka na pua ikauma. Halafu nilifumbua macho, na kwenye lile duara langu dogo la kuonea ulikuwa umo wewe, umelala kwenye kiti, mdomo wazi. Sikukuamsha. Nadhani nilikutazama saa nzima. Sikuwa nimekutazama hivyo miaka.

Nimepanda nawe mara mbili tangu nije na bado nikilala nasikia maji. Ile Jumamosi mafundi walipochimbia nguzo za kwanza za ua, yule bibi mwenye shamba alikuja akiwa amekunja uso, nikadhani atawafukuza. Akasimama, akatazama, halafu akaenda kung'oa mistari miwili ya viazi vyake kwa mikono ili ua upite mbali zaidi. Wewe ulikuwa unaandika kitu kwenye daftari, ukaacha kuandika. Mimi nilitaka kukushika mkono lakini palikuwa na watu wa kamati.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Mapumziko niliyopewa na daktari yanaisha mwisho wa mwezi. Wateja wangu wa Nakuru wengi naweza kuwahudumia kutoka hapa shuleni, kupitia mlango ule ule, nimejaribu wiki hii na haukunisumbua. Lakini hii ni nyumba yako. Ulikuja huku upate mahali pa kupumua, na mimi nimeletwa kama mgonjwa. Sasa si mgonjwa tena. Ukiniambia nishuke, nitashuka bila kinyongo na tutaendelea kuandikiana. Ukiniambia nikae, nitakaa. Nataka safari hii uchague wewe, ukiwa unajua kila kitu ninachokijua mimi.

Naiacha mezani chini ya sahani ya sukari. Mimi naenda kulala kidogo, kichwa kimechoka.

Waithaka

(Chini ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko mwingine)

Nimerudi, umelala, nimesoma. Chai iko kwenye chupa.

Zeddy alishuka jana na mzigo. Nilimwambia apitie kwa Shiko achukue koti lako zito, blanketi mbili, na ule msumeno wako mdogo, kwa sababu dari ya chumba cha nyuma inavuja na huwezi kuweka meza ya kazi humo kabla hujaitengeneza. Anapanda Jumatano. Fundi wa mabati nimeshaongea naye.

J.